Kwenye Maji ya Bayou DeView, Tukimtafuta Kigong'ota Mdomo-Pembe

Tuliteremsha kayaki kwenye Bayou DeView, mto wa kinamasi, penye daraja la barabara namba 17, kaskazini mwa mji wa Brinkley, jimboni Arkansas. Ilikuwa Februari, na kwa kazi hii ndio wakati mwafaka: misaiprasi na mitupelo, miti ya kinamasi, imepukutisha majani, na ndege aliye mbali anaonekana. Ikifika mwisho wa Aprili, msitu unajifunga, na kila ndege anayeruka unampata kwa sekunde chache tu.

Kwenye maji haya, tarehe 11 Februari 2004, Gene Sparling akiwa ndani ya kayaki aliripoti kumwona kigong'ota mdomo-pembe, ndege ambaye mara ya mwisho kuonekana bila ubishi ilikuwa 1944, katika msitu wa Singer Tract, Louisiana, ulipokuwa ukikatwa. Tarehe 25 Aprili 2004 David Luneau akapata video ya sekunde kama nne. Mwaka 2005 jarida la Science likatangaza kwamba ndege yupo. Mwaka uliofuata, kwenye jarida hilohilo, David Sibley, mwandishi wa vitabu vya kutambua ndege, na wenzake wakasema ndege wa kwenye video anaweza kuwa kigong'ota kishungi, ndege wa kawaida anayefanana naye.

Ukipiga kasia humu unaona kwa nini hoja yao ina uzito. Njia ya maji ni nyembamba, mashina yamesongamana, na mizizi ya misaiprasi imechomoza kila upande. Kigong'ota kishungi mmoja alibanduka kwenye shina mbele yetu akaenda zake moja kwa moja. Kwa macho matupu bawa lilimetameta nyeupe kila lilipopigwa. Kwa darubini mambo yalibadilika: weupe ulikuwa chini ya bawa, upande wa mbele, na ukingo wa nyuma ulikuwa mweusi. Mdomo-pembe ana weupe kwenye ukingo wa nyuma, juu na chini ya bawa. Akitua, weupe huo hufunika sehemu ya chini ya mgongo. Sasa chukua kamera isiyolenga sawasawa: ule ukingo mweusi unamezwa na giza la msitu, kinabaki cheupe peke yake. Na wako vigong'ota kishungi wenye upungufu wa rangi, wanaoota manyoya meupe pasipotarajiwa. Kwa hiyo weupe bawani hautoshi. Tazama mdomo, mgongo na kishungi pia. Jike la mdomo-pembe lina kishungi cheusi, ilhali kigong'ota kishungi ana chekundu, dume na jike.

Sauti ndiyo inayodanganya zaidi. Mdomo-pembe hugonga mara mbili upesi, pigo la pili likiwa hafifu. Vinasa sauti hunasa mapigo ya namna hiyo, lakini matawi yanayogongana na bunduki za mbali hutoa yaleyale. Mlio wake kama tarumbeta ya bati nao una mwigaji, ndege aitwaye jei wa buluu. Rekodi isiyo na ndege aliyeonekana ni sababu ya kurudi mahali hapo kesho, basi.

Mwaka 1935 timu ya Chuo Kikuu cha Cornell ilisafirisha mitambo yake kwa gari la kukokotwa na nyumbu ndani ya Singer Tract, ikarekodi sauti na filamu ya mdomo-pembe kwenye kiota chake. Baada yao mtafiti James Tanner aliwachunguza ndege haohao miaka kadhaa. Ndege aliyepo kweli hupatikana tena: ana shimo la kulala, ana miti anayobandua magome kutafuta mabuu ya mbawakawa. Arkansas ilitafutwa miaka mingi baada ya 2004 na picha moja safi haikupatikana. Hilo kwangu lina uzito kuliko wingi wa ripoti, hata zikitoka kwa watu waaminifu, na wengi wao ni waaminifu kweli.

Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilipendekeza kumtangaza ametoweka. Oktoba 2023 ikaziondoa aina 21 za viumbe kwenye orodha ya walio hatarini kwa kuwa zimetoweka, yeye ikamwacha humo. Kwa hiyo kutafuta kunaendelea, na kufanywe vizuri. Andika saa, umbali, pembe ya jua, na ulichokiona kabla hujafungua kitabu cha ndege. Hukuona ukingo wa nyuma wa bawa? Andika "kigong'ota mkubwa, hakutambuliwa".