Jinsi nilivyopata bei ya kueleweka ya kufungasha na kuhamisha vyombo

Vyombo vimefika, na nimelipa kile kile tulichoandikiana. Kabla ya hapo kila kampuni ilinitajia bei yake, na tofauti ilikuwa kubwa mno kupangia bajeti. Kuomba punguzo hakukusaidia, wala kutaja idadi ya vyumba.

Kilichosaidia ni orodha. Nilipita chumba kwa chumba nikirekodi video kwa simu, nikifungua kila kabati, droo na stoo. Siri iko hapo: samani kila mtu anaziona, lakini maboksi hutokana na vilivyofichika ndani, na maboksi ndiyo yanayokula vifaa na saa za wafungashaji. Vitabu niliviandika peke yake, maana ni vizito na vinataka maboksi madogo. Kwenye orodha nikaongeza pia ngazi za kupanda na kushuka, na umbali wa mlango hadi lori linapoegeshwa.

Orodha hiyo hiyo niliituma kwa wote, nikaomba kufungasha, vifaa, usafiri na bima vitajwe kila kimoja kivyake, na waandike kama ni makadirio au bei isiyobadilika. Bei zikakaribiana. Mwishowe vya kuvunjika niliwaachia wataalamu, nguo na vitabu nikafunga mwenyewe, na gharama ikashuka vizuri.