Nikatie upande wenye tarehe: nilivyomudu dawa ya presha ya mama

Tangu mama aambiwe ana presha nimepokea ushauri mpaka masikio yamechoka. Kitunguu swaumu. Rozela. Jirani mmoja hapa kwetu Mbagala alikuja na vidonge vyake mwenyewe kavifunga kwenye pindo la kanga: "Mpe mama, mimi vilinisaidia." Dawa gani? "Ile nyeupe ndogo." Nikashukuru, nikamrudishia.

Hospitali ya serikali daktari anapima vizuri, anaandika vizuri. Ukifika dirishani: "Hii imeisha, kanunue nje."

Huko nje ndiko kwenye kazi. Famasi ya kwanza walinitajia bei nikadhani wamenijumlishia na kodi ya fremu. Kumbe wamenipa ya jina la kampuni. Dawa yenyewe ni amlodipini, na nyingine ya miligramu zilezile ilikuwa rafu hiyohiyo kwa bei ya kueleweka. Siku hizi namwomba daktari aandike jina la dawa, basi.

Sasa hela ya boksi zima haipo kila mwezi, kwa hiyo unakatiwa. Hapo ndipo wanapotupigia. Tarehe ya kuisha mara nyingi hugongwa ukingoni mwa karatasi ya vidonge, na mkasi huanzia upande wa pili.

"Kaka, nikatie upande wenye tarehe."

"Sasa dada, mimi nitabaki na upi?"

"Utabaki na boksi. Si nalo lina tarehe?"

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja nyuma yangu akadakia, "Na mimi nikatie hukohuko!" Muuzaji akairudisha ile karatasi taratibu, akainama, akatoa nyingine kwenye boksi la chini. Ile ya kwanza ilikuwa na nini sikuuliza. Nilishajijibu.

Kariakoo nako kuna vituko. Kijana kaninong'oneza ana mzigo wa bei chee, kufungua mfuko, maboksi yamegongwa GOT, alama ya dawa za serikali, ambazo hata famasi hairuhusiwi kuziuza, sembuse yeye kibarazani. Yaani ileile iliyo"isha" dirishani! Bei ilinivutia, sikatai. Ila boksi limeandikwa litunzwe chini ya nyuzi 30, na yeye anashinda nalo juani. Nikapita.

Sasa nimeganda na famasi moja yenye mfamasia anayekubali kuulizwa maswali. Naenda vidonge vikiwa bado vipo, maana mama akiruka siku kadhaa tu presha inapanda, na ikipanda hajisikii kitu, anaendelea kukuna nazi zake. Cheti nimekipiga picha kwenye simu. Cha karatasi kililowa na mvua za masika mpaka kikawa uji.

Gharama inacheza kwenye elfu chache kwa mwezi, nauli ya daladala juu yake. Mama yeye haulizi dawa imepatikana wapi, anauliza chenji.