Bwawa limerudi kuwa la samawati

Baada ya mvua za masika hapa Malindi, maji ya bwawa letu la kuogelea yaligeuka kijani, na kuta zikashika utando uliokuwa ukiteleza kama mlenda. Nilikuwa nikitia klorini, dawa ya kusafisha maji, asubuhi, kisha jua letu la Pwani likiivunja kabla haijafanya kazi. Sasa huitia baada ya magharibi, pampu ikizungusha maji usiku, na kukicha hupima ili klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Kuta nilizisugua kwa brashi siku tatu mfululizo, kazi nzito kweli. Leo nimeiona tena sarafu ya shilingi 10 iliyozama upande wa kina, hata maandishi yake yakisomeka, na moyo wangu umefurahi mno.