Liemba imejengwa mwaka gani? Wekeni chanzo jamani

Juzi jioni mtoto wa dada kaja na daftari, mjomba eti ile meli ya Liemba imejengwa mwaka gani? Yeye kaandika 1913, rafiki yake 1915, na mzee jirani yetu hapa Mwanga, Kigoma, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi kawaambia wote wamekosea, ni 1927.

Nikamwambia wote watatu wana haki, ila hakuna aliyesema mwaka wake ni wa nini. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa Dar kwa bahari, halafu kwa reli mpaka huku Kigoma, ikashushwa Ziwa Tanganyika 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowabana, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na 1927 ndo ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Sasa mimi huwa nahariri Wikipedia ya Kiswahili nikipata bando, na kila siku nasikia eti haiaminiki kwa sababu yeyote anaingia na kuandika. Mi naona tatizo kubwa ni sentensi zisizo na chanzo. Mtu anakuta 1913, anafuta anaweka 1927, wala hana nia mbaya maana kaambiwa na babu yake, kesho mwingine anarudisha, na wewe msomaji unakunywa tu. Pale mwisho wa sentensi pangekuwa na jina la kitabu na ukurasa huyo wa pili angesoma kwanza kabla hajafuta.

Na uongo wa makusudi nao upo, sibishi. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aliwekewa kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba alihusishwa na mauaji ya Rais Kennedy, uzushi mtupu, na ulikaa miezi kama minne ndo ukaondolewa. Baada ya hapo huko kwa Kiingereza wakazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya. Huko wahariri ni wengi mno na bado ikapita, sasa fikiria sisi wa Kiswahili, tupo toka 2003 lakini wanaokaa kukagua mabadiliko ni wachache sana, kosa likiingia linaweza kulala humo miaka. Ndo maana nawaambia vijana wangu kabla hujanakili fungua historia ya ukurasa, kila badiliko limehifadhiwa na tarehe yake, halafu pitia na ukurasa wa majadiliano ya wahariri.

Kinachoniuma ni yule mzee. Anajua mambo ya ile meli ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote, na mimi siwezi kuyaweka Wikipedia kwa sababu kanuni inataka kitu kilichokwisha kuchapishwa mahali, na kanuni hiyo naikubali, bila hiyo kila mtu ataleta babu yake. Dawa ni sisi kuyachapisha kwanza. Jumamosi naenda kwake na simu nimrekodi, kisha niandike makala nipeleke gazetini, wakiitoa ndo nitakuwa na chanzo cha kuweka.

Dogo nimemwandikisha miaka yote kwenye daftari, kila mmoja na tukio lake mbele. Kaniuliza, na hii mjomba tumeitoa wapi? Nikainuka kutafuta kitabu.