Bakhita Hakurudi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Neno la juma hili: "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu" (Isaya 49:16).

Mtakatifu Yosefina Bakhita naye alichorwa, ila kwa wembe. Alizaliwa Darfur, Sudani, yapata mwaka 1869. Akatekwa angali mtoto mdogo, akauzwa, akauzwa tena. Katika nyumba ya jemadari mmoja wa Kituruki alitiwa chale 114, zikasuguliwa chumvi ili alama zisifutike. Hofu ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Hili la Bakhita ni la Kiarabu, maana yake "mwenye bahati", na waliompa ni hao hao waliomteka. Dhihaka iliyoje!

Tukimhubiri, tunakimbilia msamaha wake. Ni kweli, alisema akikutana na waliomteka atapiga magoti awabusu mikono, kwa kuwa bila yaliyompata asingekuwa Mkristo wala mtawa. Lakini maneno hayo nimeyasikia yakitumiwa vibaya: mtu anateswa nyumbani, anaambiwa, "Samehe kama Bakhita, urudi." Ndugu zangu, Bakhita hakurudi.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia, akawa yaya wa Mimmina, mtoto wa familia ya Michieli. Familia hiyo ilikuwa na shughuli zake Suakin, bandari ya Sudani, na mama mwenye nyumba aliposafiri kwenda huko alimwacha mtoto na yaya wake kwa masista wa Canossa, Venice. Hapo Bakhita akafundishwa habari za Mungu ambaye tangu utotoni alikuwa akimtafuta bila kumjua, akitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza mwenye vitu hivi ni nani.

Bibi Michieli aliporudi kuwachukua, Bakhita akasema haendi. Bakhita alimpenda mno yule mtoto, kumwacha kulimuuma. Bibi naye akang'ang'ania haki yake, shauri likafika kwa wakuu wa Kanisa na wa serikali. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa: Italia haitambui utumwa, huyu ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Miaka mingi baadaye alikuwa akikibusu kile kisima cha ubatizo, akisema hapa ndipo nilipofanyika binti wa Mungu.

Basi tuupange mfuatano vizuri. Mikono aliyokuwa tayari kuibusu ilikuwa haimshiki tena.

Maisha yake ya utawa huko Schio, kaskazini mwa Italia, yalikuwa ya kazi ndogondogo: jikoni, kudarizi, sakristia, kufungua mlango. Zaidi ya miaka 40 hivyo.

Kinachonigusa zaidi ni kitanda chake cha mwisho, Februari 1947. Katika uchungu wa kufa, Bakhita alirudishwa utumwani kwa mawazo, akamsihi muuguzi amlegezee minyororo, ni mizito. Huyu ni mtu aliyekwisha kusamehe, aliyekuwa huru kwa miaka 57! Wewe uliyesamehe kwa dhati na bado unashtuka usiku, usidhani msamaha wako ulikuwa wa uongo. Hata mtakatifu alishtuka.

Ombi lile la minyororo alilirudia zaidi ya mara moja. Kisha akamwita Bikira Maria, akatulia.