Kisanduku cha barua kwanza, sarufi baadaye

Leipzig, Ujerumani

Jumapili huku maduka hufungwa, kutoboa ukuta ni marufuku, na katikati ya Novemba jua linazama mnamo saa kumi na robo jioni. Ni siku ya kupanga makaratasi, na makaratasi ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Karibu kila anayejiandaa kuhamia hapa huanza na swali moja: nifike na Kijerumani cha kiwango cha A2 (cha msingi) au nisubiri B1 (cha kati)? Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na kazi Septemba 2024, swali hilo nalisikia zaidi. Vyeti vina umuhimu wake, sibishi. Lakini Kijerumani cha kwanza unachodaiwa Leipzig hakimo kitabuni. Kimo kwenye kisanduku cha barua, kwenye ngazi na kwenye dirisha, na huko hakuna anayekusubiri umalize sura ya tano.

Tuanze na kisanduku. Majengo mengi hayana namba za vyumba, kwa hiyo tarishi hutafuta jina. Jina lako lisipokuwa kwenye kisanduku na kwenye kengele, barua inarudi ilikotoka hata kama mtaa na namba ya nyumba havina kosa. Sisi wa majina matatu tunaumia hapa: pasipoti inasema hivi, mkataba wa kazi vile, na kisandukuni mtu kabandika jina analoitwa na rafiki zake. Chukua jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, ulitumie hilohilo kila mahali. Kama umepanga chumba ndani ya nyumba ya mtu mwingine, bandika jina lako chini ya lake, na kwenye anwani uongeze mstari unaoanza na neno la Kijerumani „bei“ (kwa) ukifuatiwa na jina la mwenye kisanduku.

Jina likishakaa, unajiandikisha manispaa. Sheria inatoa wiki mbili tangu siku ya kuhamia. Utahitaji pasipoti, fomu, na karatasi yenye jina refu kuliko yote utakayokutana nayo mwezi wa kwanza: Wohnungsgeberbestätigung, uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba kweli umehamia. Mkataba wa pango hauchukui nafasi yake. Iombe siku ileile unapokabidhiwa funguo, maana kuitafuta baadaye ni kusumbuana. Anayekupangisha chumba huku akikataa kuisaini, mara nyingi anapangisha bila ruhusa ya mwenye jengo. Usimpe hata senti. Na dhamana, ile Kaution, kisheria haizidi pango la miezi mitatu bila gharama za maji na joto, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Wenye nyumba wachache watakukumbusha hilo.

Kujiandikisha kunafungua bomba la barua. Itakuja namba ya kodi yenye tarakimu 11, ambayo ni yako maisha yote. Usipompa mwajiri, unaweza kujikuta unakatwa kwa daraja la 6 la kodi, lenye makato makubwa kuliko yote. Itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Wengi hulipa pasipo sababu hapa. Ada ni ya makazi, si ya kichwa. Mkiishi wanne nyumba moja na mmoja tayari analipa, mwombe namba yake ya malipo, ijibu barua kwa namba hiyo, basi. Ukiitupa barua ukidhani ni tangazo, deni linaendelea kuhesabiwa.

Bahasha ya njano, ile ya barua rasmi za serikali, ni habari nyingine. Tarishi huandika juu yake tarehe aliyoifikisha, na muda wa kujibu unahesabiwa kuanzia hapo, umeifungua au hujaifungua. Kwa hiyo bahasha yenyewe hutunzwa pamoja na barua. Muda wa kupinga uamuzi wa ofisi mara nyingi ni mwezi mmoja. Mwanafunzi wa A1 anaweza kusoma barua ya serikali akijua atafute nini: tarehe iliyo juu, namba ya faili (Aktenzeichen), kisha neno „Frist“ (muda wa mwisho) au „bis zum“ (hadi tarehe) lililo karibu na tarehe nyingine. Vitu hivyo vitatu ukivipata, mengine programu ya tafsiri itakusaidia. Ukianza kutafsiri kutoka mstari wa kwanza, utachoka kabla hujafika penye tarehe.

Sasa ngazi. Aliyekulia Michenzani, Unguja, akifika mtaa wa Grünau hapa Leipzig hatashangaa sana: maghorofa marefu ya vipande vya zege, madirisha yaliyopangwa mstari. Si bahati nasibu. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ambayo Leipzig ilikuwa sehemu yake, mwaka 1964, na maghorofa ya Michenzani yalijengwa kwa msaada wa Wajerumani hao. Grünau yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1976. Tofauti ni kwamba hapa ngazi zina utaratibu ulioandikwa. Ukikuta kibao kimetundikwa kwenye kitasa chako, au jina lako kwenye ratiba ukutani, ni wiki yako: fagia na upige deki kuanzia mlango wako hadi ghorofa ya chini yako, kisha mpelekee kibao anayefuata. Majengo mengine hulipa kampuni, na hapo gharama imo kwenye pango. Uliza mapema, kwa sababu jirani aliyeudhika huku haji kukugombeza. Anaandika kikaratasi, na kikaratasi cha pili huenda kwa mwenye nyumba.

Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Jumapili ni kimya mchana kutwa, na hata chupa hazitupwi kwenye mapipa ya mtaani ya vioo siku hiyo, kwa sababu ya mlio. (Chupa zenye amana usizitupe kabisa: ya plastiki ya kutumika mara moja ni senti 25, ya bia ya kioo kwa kawaida senti 8, unazirudisha kwenye mashine ya dukani.)

Dirisha ndilo linalokula dhamana za watu wetu wengi, na chanzo ni jiko. Maharage yanachemka kwa muda wa saa mbili, ugali unasongwa, nguo zinakauka chumbani, hita inawaka, dirisha limefungwa kwa hofu ya baridi. Mvuke wote huo hutafuta mahali pa baridi zaidi, yaani kona ya ukuta wa nje na nyuma ya kabati, unageuka maji, na baada ya wiki chache kuvu jeusi limetoka. Mwenye nyumba atasema hukupitisha hewa, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Kinachotakiwa ni kufungua madirisha wazi kabisa, ikiwezekana ya pande mbili zinazoelekeana, dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku, hita ikiwa imezimwa kwa muda huo. Kuacha dirisha limeinamishwa juu kutwa nzima ni kosa baya kuliko kulifunga: hewa inabadilika polepole, ukuta unaozunguka dirisha unapoa, na kuvu linaota hapohapo. Hita iweke namba 3, ambayo ni kama nyuzi 20. Kabati lisogeze sentimita kumi kutoka ukuta wa nje. Sufuria ifunikwe, mlango wa jikoni ufungwe. Na ukikaanga samaki, usifungue mlango wa ngazini ili harufu itoke; hiyo ni safari fupi kuelekea kikaratasi.

Kwa kuwa tumefika jikoni: unga wa ngano wa aina ya 405 unaopatikana kila duka ni wa keki, chapati zake hukatika. Chukua 550. Polenta si unga wa sembe, ina chenga kubwa na ni ya njano. Unga mweupe upo kwenye maduka ya Waafrika na Waasia, na barabara ya Eisenbahnstraße ndiko pa kuanzia. Sukuma wiki haina shida, kwani majira ya baridi Grünkohl, ndugu yake, hujaa sokoni, ila ina majani magumu yenye mikunjo na inataka dakika nyingi zaidi motoni.

Nimefika kwenye lugha yenyewe, na hapa nina neno la kuwatia moyo Waswahili. Watu wanalia na der, die, das, vijineno vinavyotangulia nomino, kana kwamba ni adhabu mpya, ilhali sisi tumezaliwa na ngeli. Anayesema „kitabu kizuri kimepotea“ bila kufikiri anajua tayari jambo linalowatesa wengine: nomino inaburuza sentensi nzima nyuma yake. Ugumu ni kwamba Kijerumani huficha ngeli, hakiiweki mwanzoni mwa neno. Huificha mwishoni, nayo haifichi vizuri sana. Maneno yanayoishia na -ung, -heit, -keit, -schaft na -tion ni die. Yanayoishia na -chen ni das. Yanayoishia na -ling na -ismus ni der. Yaliyobaki yaandike kwenye daftari pamoja na der, die au das lake na wingi wake, kamwe usiandike neno likiwa peke yake.

Yanayotushinda kweli ni mengine. Kwanza, irabu tunazoongeza: „Herbst“ linageuka silabi tatu mdomoni. Jizoeze kutoka nyuma, „st“, kisha „bst“, kisha „erbst“. Pili, mkazo: sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wao mara nyingi ya kwanza kabisa, na mkazo ukikosewa mtu haelewi hata neno rahisi. Tatu, ü: tamka „i“, kisha bila kuhamisha ulimi chongoa midomo kama unatamka „u“. Inahitajika mapema, kwa sababu mlangoni pameandikwa „drücken“, sukuma, na ofisini unaambiwa „drucken“, chapisha.

Halafu kitenzi. Kiswahili humaliza kazi kwa neno moja, „nitakupigia“. Kijerumani husema „ich rufe Sie morgen an“, na lile „an“ la mwisho ndilo linalogeuza kuita kuwa kupiga simu. Usikate mtu kauli katikati. Tarakimu nazo zina mtego wake: 54 husomwa nne-na-hamsini, na watu hutaja namba za simu mbilimbili. Sema „bitte einzeln“, nao watakutajia tarakimu mojamoja. Wakisema „zwo“ ni mbili, kwenye simu husema hivyo badala ya „zwei“ lisichanganywe na „drei“, tatu.

Saa inastahili aya yake. Vitabu vingi vinafundisha „Viertel nach sieben“ kwa saa moja na robo asubuhi. Leipzig watu husema „viertel acht“, yaani robo ya saa ya nane yao imeshajaa. „Halb acht“ ni saa moja na nusu, na „drei viertel acht“ ni saa mbili kasorobo. Ongeza kwamba kichwa cha Mswahili kinatoa sita kwanza, na utaona kwa nini watu hufika kwa daktari saa nzima baadaye wakidhani wamewahi. Dawa ni kurudia kwa tarakimu kabla ya kukata simu: „sieben Uhr fünfzehn, richtig?“ Hakuna anayekasirika. Ukiona huwezi kufika, piga simu siku moja kabla. Baadhi ya madaktari hutoza pesa kwa miadi (Termin) uliyoikosa bila taarifa.

Salamu ni fupi lakini hazirukwi. Chumba cha kusubiri cha daktari kinasalimiwa chote unapoingia. Mtu mzima usiyemjua ni „Sie“ (wewe ya heshima), hata muuzaji wa miaka ishirini, na anayepaswa kupendekeza „du“ (wewe ya kirafiki) ni mkubwa wenu, kwa aliyelelewa na shikamoo hilo halihitaji somo. „Nu“ utakayoisikia kwa wazee wa Saxony, mkoa ambamo Leipzig ipo, ni ndiyo. Hodi bila taarifa hakuna, isipokuwa kwa sababu moja nzuri sana: vifurushi. Usipokuwepo, mleta vifurushi humwachia jirani na kukutilia kadi yenye jina lake. Nenda na kadi hiyo kabla ya saa mbili usiku, useme jina lako, ghorofa yako na asante. Ni mazungumzo ya dakika mbili yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, na ndiyo mazoezi bora ya A1 ninayoyajua. Nawe kubali vya wenzako.

Kwa darasa rasmi, kozi ya serikali ya kuwajumuisha wageni katika jamii kwa kawaida ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya historia, sheria na jamii, kila kipindi dakika 45, na lengo lake ni B1. Mtihani wa mwisho wa sehemu ya pili una maswali 33 yanayotolewa kwenye orodha ya wazi ya 310. Ukipata 15 umepita, na kwa uraia 17. Orodha hiyo isome hata kabla ya kozi, Kijerumani chake ni kilekile cha barua za ofisini.

Nje ya darasa, tafuta tandemu, yaani mwenza wa kubadilishana naye lugha. Chuo kikuu cha hapa kinafundisha Kiswahili, na wapo wanafunzi wanaotamani mtu wa kuzungumza naye. Dakika 30 Kijerumani, dakika 30 Kiswahili, saa mezani. Mkichanganya, lugha ya aliye hodari zaidi humeza ya mwenzake. Leta barua halisi uliyopokea wiki hiyo badala ya kitabu. Siku ya Buß- und Bettag inafaa, kwani ni sikukuu ya Saxony peke yake, inayoangukia Jumatano moja ya Novemba, na ofisi zote hufungwa. Ukitoka nje ya mkoa siku hiyo utakuta kazi zinaendelea kama kawaida, na tiketi ya mwezi ya nchi nzima, euro 63 tangu Januari 2026, inakufikisha mji wa Halle kwa treni za kawaida bila kununua nyingine. Kuisitisha hufanywa kufikia tarehe 10 ya mwezi. Ukichelewa, unalipa mwezi unaofuata.