Ripoti za Kasulu

Mwaka 2011 nilikuwa fundi kompyuta pekee wa ofisi moja Kigoma mjini, si mbali na stesheni, na barua pepe zetu zote zilipita kwenye seva ya Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua, niliyoifunga mwenyewe. Humo ofisini mambo yalikwenda. Shida ilikuwa Kasulu. Mzee wetu wa huko, na modemu yake, alipokea barua vizuri, lakini akituma anarudishiwa namba 554, yaani seva imekataa. Akachoka. Wiki mbili mfululizo ripoti zake zikaja kwenye flashi iliyoviringishwa karatasi ya daftari, mkononi mwa kondakta wa basi.

"Kijana wangu, hiyo mashine yako inanijua kweli?" aliniuliza kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Inakujua."

Haikumjua. Aliye ndani ya mtandao wa ofisi ilimwamini bila hata kumuuliza jina; wa nje ilimwona mpita njia anayetaka kutumia posta ya watu. Ilipaswa imwombe jina na neno la siri, na mimi sikuwa nimeiwekea njia ya kuomba.

Ijumaa jioni nikafanya jambo ambalo mpaka leo silisemi mbele ya vijana ninaowafundisha kazi. Kwenye mstari wa mynetworks, orodha ya mitandao ambayo seva inaiamini, niliandika 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima ni wa nyumbani. Mzee akatuma, ikapita. Nikaenda zangu Mwanga kula mgebuka, roho kwatu. Jumatatu asubuhi nikakuta foleni imefurika matangazo ya vidonge, yanatoka kwetu kwenda kwa watu tusiowajua. Nilichomoa waya kwanza, ndipo nikakaa.

Nikaufuta ule mstari, nikawasha SASL, ile njia ya kuomba jina na neno la siri, kazi ya kuhakiki majina nikaipa Dovecot, programu nyingine kwenye seva ileile. Balaa likazidi: hata mama mhasibu, aliyekaa hatua tatu kutoka kwenye seva, akashindwa kutuma. Logi, kumbukumbu za seva, inasema faili la soketi, ambalo Postfix na Dovecot huongelea kupitia humo, halipo. Nikiorodhesha mafaili kwa amri ya ls, lipo! Nikabadili ruhusa, nikawasha upya, nikabadili tena. Mama mhasibu akaniletea chai, akauona uso wangu, akaiweka na kuondoka kimya.

Saa kumi ndipo nikakumbuka: kwenye Debian ya wakati ule, mfumo uliokuwa ukiendesha seva yetu, kile kipande cha Postfix kinachopokea barua kilifungiwa ndani ya folda ya /var/spool/postfix, na nje ya hapo hakikuona kitu. Faili lilikuwepo kwangu mimi niliye uani. Kwa aliyefungiwa chumbani halikuwepo. Logi ilikuwa inasema kweli tangu asubuhi. Nikaiagiza Dovecot iweke soketi humohumo, private/auth, mmiliki wake awe postfix, ruhusa 0660, yaani mmiliki na kundi lake tu wasome na kuandika.

Nikachomeka modemu ili nije kama mtu wa nje, nikaingia kwa telnet, programu ya kuongea na seva kwa maandishi, nikaandika EHLO, salamu ya seva za barua. Mstari wa AUTH ukatokea, yaani sasa iko tayari kupokea jina na neno la siri. Nikampigia mzee abadili porti, atoke 25 aende 587, awashe TLS, inayoficha mawasiliano njiani, na aandike neno lake la siri. Kwenye logi nikaliona jina lake likipita.

Ripoti ikaingia. Chini yake ameandika: "Flashi yangu mpe kondakta kesho asubuhi."